Vidonge vya Bibi na Kaa la Moto

Kabula mwanangu,

Umetoka hapa saa tisa kwenda kunyolewa, umejifunga kitambaa kama mtu anayezipeleka nywele zake kuzikwa, na Bibi amekucheka mpaka pumzi zikamwishia. Sasa amekaa barazani, anavuta hewa taratibu kwa pua na kuitoa kwa mdomo, kama alivyofundishwa. Mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni na karatasi hizi. Nina saa moja, labda na nusu kama saluni ina foleni.

Sitakuandikia habari za sabuni, ndala na kufuli la tranka. Bibi amekuagiza hayo wiki nzima, na mengine ameyarudia kana kwamba Bukoba unakwenda kuishi porini. Nakuandikia juu ya vile vidonge vyeupe. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili hatujavitaja, wewe na mimi, na nyumba hii ina vyumba vitatu tu.

Kilichonisukuma ni jibu lako la mwezi uliopita. Nilikuuliza kwa nini umechagua tahasusi ya historia, jiografia na lugha, wakati biolojia umefaulu kuliko darasa lako lote na kemia unaisoma hata siku za likizo. Ulikuwa unachambua mchicha. Hukuniangalia. Ulisema, "Mama, mikono yangu siyo ya dawa."

Nilijua neno hilo limetoka wapi. Nikaendelea kusonga ugali.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kwa sababu sehemu ya mwanzo ulikuwa mdogo na hukuiona vizuri.

Unalikumbuka banda la Bibi kule ng'ambo ya ziwa, chanja nne za udongo na waya, sangara wamepangwa juu yake wakitazama upande mmoja. Unakumbuka pia alivyokuwa anawaangalia kama wameiva. Ukifunua gunia lililoloweshwa maji, moshi wote unatoroka na samaki wanabaki na madoa. Kwa hiyo wanawake wa pale hawafunui. Wanainua ncha moja na kuingiza kichwa chini ya gunia, wanatazama rangi, wanatoka na machozi. Bibi alikuwa anakaa humo chini muda mrefu kuliko wote, na samaki wake walijulikana mpaka soko la Nyamagana. Nami nilifundishwa nikiwa darasa la tatu. Ukishajua kubana pumzi unahesabiwa umekua. Ila ukweli ni kwamba hakuna anayebana pumzi mpaka mwisho. Unavuta kidogo, ukiwa humo humo.

Moshi ule ndio ulionisomesha, hata baada ya kukuzaa nikiwa na miaka kumi na minane na watu wakaona kwangu shule imekwisha. Bibi alikubeba wewe mgongoni akaniambia nirudi darasani. Ulikulia kwake nikiwa chuoni, halafu nikiwa nimeajiriwa maabara hapa Mwanza, nikisoma makohozi ya watu kwa darubini kutwa nzima. Nilikuja kila mwisho wa mwezi. Nilijua mapafu ya wageni vizuri, ya mama yangu sikuyajua.

Alipoanza kukohoa alisema ni kikohozi cha kazi, kila mwenye chanja anacho. Nilichukua makohozi yake mwenyewe nikayapima: hapakuwa na kifua kikuu. Nikamleta kwa daktari mjini, akapigwa picha. Daktari alituonyesha chini ya mapafu kulivyokuwa na michirizi kama wavu uliokunjwa. Akasema hayo ni makovu, yameshaanza, na dawa ya kwanza ni kuacha moshi kabisa. Akatupa tarehe ya kurudi kwa vipimo zaidi.

Bibi alisikiliza kwa adabu. Tulipofika nje akasema, "Tekla, huyu mtoto wa watu ana akili sana, ila hajawahi kuona sangara akiharibika." Siku iliyofuata alirudi ng'ambo, kwenye chanja zake.

Tarehe ile ya kurudi hatukwenda. Hapo ndipo kosa langu linapoanzia, na nataka ulione lilivyokuwa, kwa sababu lilifanana sana na akili. Nilisoma. Nilisoma kila nilichoweza kufungua kwenye kompyuta ya kazini. Nikaelewa kwamba kabla ya kovu kuna uvimbe: moshi unaukwaruza utando wa ndani wa mapafu, mwili unatuma walinzi wake, sehemu inavimba, na baada ya purukushani za muda mrefu hukaa kovu. Nikajiambia, basi nikizima uvimbe, kovu halitakuja. Ilikuwa hesabu safi kabisa. Nikaenda duka la dawa nikanunua prednisoloni, vidonge vya kushusha uvimbe. Sikumuuliza daktari yeyote. Muuzaji alinijua kuwa mtu wa maabara, hakuniuliza.

Na Kabula, vilifanya kazi. Hilo ndilo lililonipoteza. Baada ya wiki mbili Bibi alinipigia simu akiwa na sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima. Alisema amekula samaki mzima na mifupa akailamba, na kwamba wewe umemnyima kichwa cha samaki, sasa anakudai. Uso wake ulijaa ukawa wa mviringo. Watu wakamwambia amenenepa, amependeza. Alipanda ule mlima wa kwenda kanisani bila kusimama.

Aliingia pia kwenye kazi yake kwa nguvu mpya. Alikuwa amebaki na chanja mbili, akazirudisha zote nne. Kila nilipokuja nilimkuta kichwa kiko chini ya gunia, nami nilisimama pale nikiona fahari. Nilikuwa na swali moja tu la kujiuliza, na sikujiuliza: ni kitu gani hasa kimepona? Jibu la juu lilikuwa tamu, nikaona hakuna haja ya kuchimba.

Kazi ya kumpa vidonge nilikupa wewe. Kila asubuhi baada ya uji. Nilikwambia usisahau. Sikukwambia kwa nini usisahau, na wala sikukwambia kwamba ukivinywa kwa miezi halafu ukakatiza ghafla unaweza kuanguka. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Ulikuwa mstari mmoja, nikaupita, kwa sababu siku hiyo nilikuwa natafuta kitu kingine.

Sehemu inayofuata unaijua kuliko mimi, lakini niache niiseme jinsi nilivyoijua mimi mpaka juzi. Nilikupigia simu kila jioni. "Shikamoo mama." "Marahaba. Bibi amekunywa dawa?" "Amekunywa." Kisha siku moja jirani akanipigia, akasema Bibi ameanguka kwenye njia ya ziwani, anatapika, hajui yuko wapi. Nikavuka. Nilimkuta hospitalini Sengerema na dripu mkononi, na wewe umekaa chini ya kitanda chake, siyo kando, chini kabisa, umeikumbatia mikoba yake. Walimtuliza, wakaandika rufaa ya kumleta Mwanza.

Tulifika Busisi, tukasubiri kivuko. Gari lilisimama kwenye mteremko, Bibi amelala nyuma. Nikakushusha tukasimama karibu na wauza mahindi. Nikakuuliza. Ukasema vidonge viliisha, leo ni siku ya sita. Nikakuuliza mbona kila jioni ulisema amekunywa. Ukawa unatazama maji. Nami nikakwambia, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, "Ungesema, Bibi yako asingekuwa hivi. Hili umelifanya wewe."

Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyokuwa. Nimeikumbuka kila siku kwa miaka mitano, na nilitaka uione kwa mwandiko wangu ili usije ukadhani nimeisahau.

Siku ya pili, daktari wa zamu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliniita pembeni akiwa na pakiti tupu mkononi. Akauliza nani aliyemwandikia mgonjwa dawa hii. Nikasema ni mimi. "Wewe ni daktari?" Nikasema hapana, ni wa maabara. Hakunifokea. Alinieleza kama unavyomweleza mtu mgeni njia: mwili hutengeneza wenyewe kitu kinachofanana na kidonge hiki. Ukiuletea kutoka nje kila siku, unaacha kutengeneza, unalala. Ukikatiza ghafla, umeuacha mtu hana kitu. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, mbele ya macho ya daktari. Halafu akaiweka picha mpya ukutani karibu na ile ya zamani. Wavu ulikuwa umepanda mpaka katikati.

Nikamuuliza inawezekanaje, wakati alikuwa amepata nafuu. Akasema, "Uvimbe ulipungua, akajisikia vizuri, akarudi kwenye moshi. Kovu lenyewe halikuwa linaongea na dawa yako."

Kwa hiyo tangu siku hiyo nilijua kwamba kosa ni langu, kuanzia kidonge cha kwanza. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kukosea jambo ambalo hakuambiwa. Nilijua, na sikurudi kukwambia. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani nilipata nafuu kuwa na mwenzangu ndani ya kosa. Ulilishika upande mmoja, mimi upande mwingine, likawa jepesi kwangu. Nyie wawili mkahamia kwangu, nawe ukawa mtoto mtulivu, unayeosha vyombo kabla hujaambiwa, na wageni wakanisifu kwa malezi.

Nilichokifanya badala ya kusema ni kurudi shule. Unajua nilivyosoma shahada ya pili huku nikifanya kazi, lakini hujawahi kuniuliza natafuta nini kule maabara mpya ya utafiti, nami nilidhani huulizi kwa sababu huna hamu. Sasa nakueleza, kwa sababu ni kitu kizuri, Kabula, kizuri kabisa kukifikiria, hata kama kimetokana na jambo baya.

Unakumbuka fundi aliyetupigia lipu hii nyumba? Alikuja kuziba ufa mmoja chumbani kwako. Tulipotoka kwenda kazini na kurudi tulikuta amepiga lipu ukuta mzima, na tundu la kupitishia hewa juu ya dirisha ameliziba. Ukamwambia, "Fundi, sasa tutapumulia wapi?" Akasema aliona saruji imebaki. Basi ndani ya mapafu kuna seli za namna hiyo. Kazi yao ni kuziba majeraha, na bila hizo tungekufa kwa mkwaruzo. Zinaitwa na kelele za uvimbe, zinakuja, zinaziba. Kwa watu wengi zinamaliza na kuondoka. Kwa wengine, kama Bibi, kelele hazikomi kwa miaka, fundi anazoea kupiga lipu, na ikifika mahali anaendelea hata kelele zikinyamaza. Anaziba mpaka madirisha. Vidonge vyangu vilimnyamazisha mpiga kelele. Fundi hakuwa na habari.

Sasa swali ambalo linanitoa kitandani ni hili: ni saa gani hasa fundi anaacha kusikiliza? Na je, kuna molekuli ndogo inayoweza kusema na wote wawili, yule anayepiga kelele na huyu mwenye mwiko? Kuna dawa zinazopunguza mwendo wa kovu, lakini hazilirudishi nyuma, na watu wa chanja hawazioni hata kwa mbali. Kwa hiyo tunatafuta, sisi na wengine wengi duniani. Tunazikuza seli hizo kwenye visahani, tunaziwekea kichocheo zianze kufuma kovu, kisha tunadondosha molekuli zinazojulikana kutuliza uvimbe, moja baada ya nyingine, tuone ipi inamfikia fundi.

Mwezi uliopita, wiki ile ile uliponiambia habari za mikono yako, tulipata kisahani kilichotulia. Hakuna ufumaji hata kidogo. Mwenzangu akapiga makofi. Nilitaka kuimba. Ndipo likaja lile swali, safari hii kabla sijachelewa: ni kitu gani hasa kimetulia? Nikapaka rangi inayoonyesha seli zilizo hai. Nyingi zilikuwa zimekufa. Molekuli yetu ilikuwa imewaua mafundi, ndiyo maana hawapigi lipu.

Nilicheka peke yangu pale kwenye darubini. Nilikuwa na furaha kuliko ningekuwa na jibu. Tumepunguza kipimo, tunarudia. Kipimo kidogo kabisa kinaonyesha kitu, seli ziko hai na zinafuma polepole, lakini sijui bado, na kisahani si pafu. Huenda ikawa si chochote. Nataka tu ujue kwamba hivyo ndivyo kazi yenyewe ilivyo siku nyingi. Unakitilia shaka kile unachokitamani, na kumbe kuna raha yake.

Ningekuwa nimemalizia hapa, na barua hii ingekuwa ya kuomba radhi tu. Lakini Jumapili nilijua jambo jingine.

Ulikuwa kanisani na wanakwaya wenzako. Nilikaa na Bibi barazani nikamwambia kwamba nina neno la kukwambia kabla hujaondoka, juu ya vile vidonge, juu ya ulivyoviacha viishe bila kusema. Bibi akageuka.

"Aliviacha viishe nani?"

"Kabula."

"Tekla, vile vidonge nilivimaliza mimi."

Akaniambia yote, kwa vipande, akipumzika kati ya sentensi. Kwamba asubuhi pale mwaloni, wanakoshushia samaki wavuvi, moto hauwashwi kila mmoja na wake. Anayewahi kuwasha ndiye anayeombwa kaa, na mwenye moto hawezi kumkatalia mwenzake aliyekuja na kigae, hata kama jana waligombana. Unajua hilo, ulilelewa nalo. Basi wanawake walipomwona amepona walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kikohozi chake. Nao walikuja asubuhi, saa ya kuomba moto. Akawagawia. Kwake vilikuwa vitu vya aina moja: umepata, mwenzako hana, unampa. Shukuru Mungu walikuwa wengi na kila mmoja akapata vichache, hakuna aliyedhurika.

"Na Kabula?" nikauliza.

Akasema ulisimama mlangoni umekishika kile kikopo kwa mikono miwili. Ulimwambia, "Bibi, mama amesema ni vyako peke yako." Akakunyang'anya. Akakwambia usiniambie mimi, kwa kuwa ningekuja kuwafokea wenzake na kumwaibisha. Ukaapa. Kisha akaanguka, na alipozinduka hakukumbuka siku zile mbili za hospitali, wala hakujua nilichokwambia kivukoni. Alidhani ulinieleza zamani. Nami nilidhani ulisahau na ukaogopa. Na wewe ulikuwa katikati yetu miaka mitano, umekishika kiapo.

Nilipomweleza maneno niliyokwambia Busisi, Bibi alivuta hewa kwa pua, akaitoa kwa mdomo. Kisha akasema, "Na wewe ndiye msomi?"



Ameniagiza niandike sentensi moja ya kwake, neno kwa neno, nami naiandika: "Mke mwenzangu, ulinikataza, nikakushinda kwa ukubwa. Akili ilikuwa kwako." Amesema mengine atakwambia mwenyewe, pumzi zikimruhusu, na kwamba deni la kile kichwa cha samaki limefutwa.

Sasa juu ya tahasusi. Kama unaipenda historia, isome. Ninazo sababu za kuamini ungeiweza: umetunza siri ya watu kwa miaka bila kuibadilisha hata herufi. Lakini kama ulikimbia biolojia kwa sababu ya sentensi ile, basi ujue ilisemwa na mtu aliyekuwa anaogopa, na haikuwa kweli. Shuleni wanaruhusu kubadilisha wiki za mwanzo. Sikusukumi. Ila mikono yako, mwanangu, ndiyo iliyokuwa imekishika kile kikopo, peke yake katika banda lile, na ilikuwa sahihi.

Kesho basi litakunja kulia Usagara, halafu mtapita juu ya daraja jipya, dakika chache tu. Ukitazama chini upande wa Busisi utaiona gati ya zamani na ule mteremko. Nilipanga kuificha barua hii chini ya mashuka kwenye tranka, uikute Bukoba, ukishapita mahali pale. Nimeandika ukurasa wa kwanza nikiwa na mpango huo.

Nimeubadilisha. Ukiikutia Bukoba nitakuwa nimesema tena nikiwa upande wa pili wa maji, mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu. Nasikia geti. Bibi ameanza kucheka, maana yake kitambaa kimetoka. Nitaingia barazani nikupe hizi karatasi mkononi, na nitakaa pale pale ukizisoma mpaka mwisho.

Ukimaliza, niulize. Chochote unachotaka, na kwa mpangilio wowote.

Mama yako,
Tekla